Kusoma vitabu vya halmashauri kwa msaada wa akili mnemba: mwongozo kwa waandishi na wananchi wa Mtwara na Lindi

Kila Aprili ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinapowekwa mezani bungeni, na tena kila minada ya korosho inapofunguliwa, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Kaka, hii akili mnemba niiulizeje ili inipe ya halmashauri yetu tu?" "Nimeipa kitabu kizima, mbona imejibu mambo ya mkoa mwingine?" "Nikisoma redioni kama ilivyoniandikia, nitapata tatizo?" Wanaouliza ni vijana wa redio za jamii, madiwani wapya wawili watatu, na wakulima waliochoka kusomewa mapato na matumizi mbiombio jua likiwa linazama. Nimeona niyaweke majibu yote hapa.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Mashine hii kazi yake ni kukuonyesha ukurasa wa kusoma. Kuusoma ukurasa huo, kwa macho yako, ni kazi yako wewe. Yote yaliyo hapa chini yanatokana na hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu janja yenye kamera inayoona vizuri. Ukiwa na kompyuta mpakato, hata ya zamani, majedwali hayatakusumbua sana.
- Bando la kutosha na nafasi kwenye simu. Ripoti za CAG ni vitabu vya mamia ya kurasa. Pakua mara moja, hifadhi, usirudie kupakua kila siku.
- Akaunti ya programu inayopokea mafaili: ChatGPT, Gemini, Claude au NotebookLM. Za bure zinatosha kwa kuanzia. Kwa nyaraka ndefu mimi hupenda NotebookLM, kwa sababu hujibu kutokana na mafaili uliyoipa na kukuonyesha kipande ilikotoa jibu. Nayo hukosea, usiiamini kupita kiasi.
- Programu ya majedwali: Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc.
- Daftari la karatasi na kalamu.
- Mtu mmoja anayezijua hesabu za halmashauri. Anaweza kuwa mhasibu mstaafu, diwani wa zamani, au mwalimu mkuu aliyewahi kusimamia fedha za ujenzi wa madarasa. Wengi huliruka hili, na hapo ndipo wanapoanza kupotea. Dakika 10 za mzee aliyewahi kuandika hati za malipo zitakuokoa na aibu ya mwezi mzima.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwenye karatasi

"Ufisadi kwenye halmashauri yetu" halijawa swali. Ukiipa mashine maneno hayo itakurudishia hotuba. Swali ni kama hili: "Mwaka wa fedha 2022/23 halmashauri yetu ilikisia kukusanya ushuru wa mazao kiasi gani, na ikakusanya kiasi gani?" Hilo lina mwaka, lina halmashauri, lina fungu, na jibu lake liko kwenye ukurasa fulani wa kitabu fulani.

Huku kwetu kusini maswali mazuri hayakosekani. Ushuru wa mazao unaotokana na korosho. Ushuru wa huduma unaokokotolewa kwenye mauzo ghafi, ambao unahusu hata makampuni ya gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024: vikundi vya awali vimerejesha kiasi gani, na deni lililobaki liko kwa nani? Chagua swali moja. Likiisha, njoo kwa la pili.

Onyo la miaka. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Ripoti anayokabidhiwa Rais mwezi Machi 2024 inazungumzia mwaka ulioishia Juni 30, 2023. Nimesikia taarifa nyingi zikisema "mwaka huu halmashauri imepoteza", wakati fedha hizo ni za mwaka juzi na mkurugenzi wa wakati ule ameshahama. Andika mwaka wa fedha juu kabisa ya karatasi yako.

Hatua ya 2: Pata waraka wenyewe

Usiiulize mashine "CAG alisema nini kuhusu Tandahimba" kabla hujaipa kitabu. Itajibu, kwa Kiswahili fasaha na tarakimu zilizopangika, na huenda hakuna hata moja iliyowahi kuandikwa na mkaguzi. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Walikuwa wasomi wa sheria. Hawakuifungua kesi yenyewe kuisoma.

Waraka hupatikana hapa:

Ripoti za CAG ziko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, nyingi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Unayoitaka ni ile ya Serikali za Mitaa. Usiishie kwenye sura za mbele. Viambatisho vya mwisho ndivyo vyenye majedwali yanayotaja halmashauri mojamoja.

Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge ziko kwenye tovuti ya Bunge. Ukitaka zoezi la kujifunzia, chukua vikao vya Juni 2018, wakati wa mjadala wa asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, fedha zilizokuwa zikirudi kwenye tasnia kabla Sheria ya Fedha ya mwaka huo haijaziondoa. Jiulize: mbunge gani wa kusini alisema nini, siku gani, ukurasa gani? Majibu unaweza kuyahakiki mwenyewe, na utaona kwa macho yako mashine inapatia wapi na inakosea wapi.

Zabuni hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Bajeti na taarifa za robo mwaka hutafutwa kwenye tovuti ya halmashauri, kwa afisa habari, na kwenye kabrasha la baraza la madiwani. Mikutano ya baraza huruhusu wananchi kuhudhuria, kwa hiyo nenda ukae. Kwenye kijiji na mtaa, ubao wa matangazo.

Kisipopatikana, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Hapa mashine inasaidia sana: iambie ikuandalie rasimu ya barua ya ukurasa mmoja inayotaja waraka mmoja kwa jina na mwaka wake. Isome, ondoa maneno ya kujikweza, ipeleke masjala mwenyewe na uondoke na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huna siku ya kuanza kuhesabia.

Faili ukilihifadhi, lipe jina linaloeleweka: taasisi, aina ya waraka, mwaka wa fedha. "PDF mpya 3" hutaijua baada ya wiki.

Hatua ya 3: Geuza picha kuwa maandishi

Nyaraka nyingi za halmashauri ni karatasi zilizopigwa picha au kuskaniwa. Mashine inaweza kuzisoma, ila tarakimu ndizo zinazoumia. Tatu huwa nane, moja huwa saba, mkato hugeuka nukta.

Nikupe picha halisi. Ubao wa kijiji, karatasi imebanwa kwa misumari miwili yenye kutu, masika imepita juu yake. Mstari wa "ukarabati wa nyumba ya mganga" una tarakimu za kalamu ya wino, na sifuri ya mwisho imelowa hadi kufanana na doa. Je, ni 1,450,000 au 14,500,000? Nilipoipiga picha, mashine ilichagua ya pili bila kusita na bila kuniambia kwamba ilibahatisha. Mtendaji alipofungua leja, ilikuwa ya kwanza.

Kwa hiyo: piga picha kila ukurasa peke yake, mchana, karatasi ikiwa imenyooka, kivuli chako kisiingie. Kisha iambie mashine inakili jedwali kama lilivyo na iweke alama ya kuuliza mahali isipokuwa na uhakika. Halafu kaa na karatasi ya asili mkono wa kushoto, nakala mkono wa kulia, mpitie wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaweka tiki.

Majedwali yaliyochapwa kwenye PDF, yasiyo picha, yatoe kwa Tabula. Ni programu ya bure inayohamisha jedwali kwenda kwenye safu na nguzo za Excel bila kubuni chochote. Mahali inapofaa, itumie kabla ya akili mnemba.

Hatua ya 4: Uliza kwa masharti

Ipe kurasa chache kwa wakati mmoja, 20 au 30, kisha ifunge kwa masharti. Nakili haya, badilisha jina la halmashauri na kurasa:

"Nimekupa ukurasa wa 112 hadi 140 wa ripoti. Tumia maandishi haya peke yake, usiongeze kitu kutoka kwingine. Tafuta kila mahali panapotajwa Halmashauri ya Mji Newala. Kwa kila ulichokipata niandikie: namba ya ukurasa, sentensi yenyewe neno kwa neno bila kuifupisha, na kiasi cha fedha kama kilivyoandikwa. Ikitajwa Halmashauri ya Wilaya ya Newala, iweke kwenye orodha ya pili. Pasipo na kitu, andika HAKUNA."

Neno HAKUNA ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mashine hizi zina tabia ya kutaka kumridhisha anayeuliza. Usipoipa ruhusa ya kusema hakuna, itakutafutia hata kisichokuwepo.

Hakikisha pia imesoma yote. Iulize: "Sentensi ya mwisho ya ukurasa wa mwisho niliokupa ni ipi?" Ikishindwa, imeishia njiani, na jibu lake la HAKUNA halina thamani.

Makosa ninayoyaona kila mara kwenye hatua hii: kuomba "muhtasari wa mambo mabaya" (unapata mabaya hata pale ambapo mkaguzi amesifu), kuuliza maswali matano kwa pamoja, na kuiambia mashine jibu unalolitaka. Ukiiuliza "mkurugenzi aliiba shilingi ngapi", umeshamhukumu mtu kabla ya kufungua kitabu, na mashine itakufuata hukohuko.

Hatua ya 5: Rudi kwenye ukurasa

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanapoikatisha.

Niliwahi kuandaa taarifa usiku, ya kusomwa asubuhi. Mashine ilikuwa imenipa kiasi cha fedha za makusanyo ambazo hazikupelekwa benki, ikataja halmashauri, ikataja na ukurasa. Kila kitu kilikaa vizuri. Nilikuwa nimeshaandika kichwa cha habari. Nikafungua ukurasa ili ninakili namba ya jedwali tu, nikaona mstari wenyewe: jina la wilaya lilikuwa lilelile, ila lilikuwa la halmashauri ya pili ya wilaya hiyohiyo. Mashine ilikuwa imeruka mstari mmoja. Zilikuwa zimebaki saa saba nisome hewani tuhuma nzito juu ya watu wasiohusika, ambao watoto wao wanasoma na wa kwangu.

Ndiyo maana nalisisitiza hili kwa watu wa kusini. Majina yetu yanafanana kuliko ya mikoa mingi. Kuna Newala Mji na Newala Wilaya. Kuna Masasi Mji na Masasi Wilaya. Kuna Manispaa ya Mtwara Mikindani, kuna Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, na kuna Mji wa Nanyamba. Lindi ni mkoa, ni wilaya, ni manispaa. Na iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi sasa ni ya Mtama, kwa hiyo ukilinganisha miaka utakuta jina moja limekatika na jingine limeanza. Mashine iliyofunzwa kwa maandishi ya dunia nzima haina sababu ya kujali tofauti ya Masasi na Masasi. Wewe unayo.

Ukiwa ukurasani, kagua kwa mpangilio huu:

Jina la halmashauri, lote, pamoja na neno Mji, Wilaya au Manispaa.

Kichwa cha nguzo. Je, fedha zimeandikwa kamili, kwa maelfu, au kwa mamilioni? Kichwa hicho mara nyingi kiko kurasa mbili nyuma, jedwali lilipoanzia, na mashine uliyoipa katikati ya jedwali haikukiona.

Kitenzi. Mkaguzi huchagua maneno kwa makini. "Fedha ambazo hazikuthibitishwa kupelekwa benki" ni jambo moja. "Fedha zilizoibwa" ni jingine, na yeye hakulisema. "Malipo yasiyo na viambatisho" maana yake nyaraka hazikuonekana siku ya ukaguzi. Zinaweza kuwa zimeletwa baadaye na hoja, yaani swali la mkaguzi, ikafungwa. Mashine ikifupisha hupenda kugeuza maneno haya yote kuwa "ubadhirifu". Tumia kitenzi cha mkaguzi.

Majibu ya menejimenti. Angalia kama yapo hapohapo chini ya hoja. Ukiyaacha umemnyima mtu haki yake.

Na hati, yaani maoni ya mkaguzi juu ya taarifa za fedha. Hati inayoridhisha, ambayo watu huiita hati safi, inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa usahihi kwa viwango vinavyotakiwa. Haisemi kwamba hakuna aliyekula fedha. Halmashauri inaweza kuwa na hati safi na hoja nyingi nyuma yake. Nimesikia viongozi wakijisifia hati kama cheti cha uadilifu, na waandishi wakiwaitikia.

Hatua ya 6: Hesabu ufanye kwenye jedwali

Usiiache programu ya mazungumzo ijumlishe tarakimu 60 kichwani mwake. Hamishia kwenye Excel au Google Sheets. Mashine itumie kukufundisha fomula, kisha fomula ndiyo ihesabu.

Chukua ushuru wa mazao. Kwa mazao ya biashara ulishuka kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 mwaka 2017, na hukokotolewa kwenye bei ya shambani. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, minada yote ya msimu imeuza tani 1,000 za halmashauri yako kwa wastani wa Sh. 3,000 kwa kilo. Kilo 1,000,000 mara 3,000 ni Sh. 3,000,000,000. Asilimia 3 yake ni Sh. 90,000,000. Fungua sasa kitabu cha halmashauri uone mstari wa ushuru wa mazao unasomeka vipi.

Zikipishana, usikimbilie hewani. Msimu wa korosho huvuka miezi ya mwisho wa mwaka na malipo mengine huchelewa. Bei ya mnadani kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani ina makato ndani yake, haiko sawa na bei ya shambani. Korosho ya kijiji kimoja inaweza kupimwa kwenye ghala lililo halmashauri nyingine. Tofauti uliyoipata ni swali zuri la kumpelekea mweka hazina na chama kikuu cha ushirika, iwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao. Mara nyingine jibu ni dogo. Mara nyingine anayejibu huanza kutafuta miwani yake muda mrefu kuliko kawaida, na hapo unajua umefika mahali.

Hatua ya 7: Mikutano ya hadhara na baraza

Rekodi kwa simu mbili. Programu za kunukuu sauti kama Whisper zinakijua Kiswahili kiasi cha kukuokolea saa nyingi, ila zina kasoro tatu utakazokutana nazo huku.

Mzungumzaji akichanganya Kimakonde, Kimwera au Kiyao, mashine haisemi "sikuelewa". Hutunga Kiswahili kinachofanana na sauti ile. Pili, pakiwa na ukimya au kelele za bodaboda, huweza kuandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Tatu ni tarakimu za mdomo: mtu akisema "laki tatu na themanini" au "milioni mia mbili kasoro", sikiliza mwenyewe, mara mbili. Nukuu yoyote utakayoiweka ndani ya alama za kunukuu irudie kwenye sauti ya asili kwanza, na uandike dakika iliposemwa.

Hatua ya 8: Nenda ukaone, kisha uliza upande wa pili

Kitabu kikisema zahanati imekamilika, panda pikipiki. Hesabu mabati. Fungua bomba. Angalia kama mlango wa chumba cha kujifungulia una kitasa. Piga picha ukiwa na tarehe, muulize mama anayeishi jirani na zahanati lini fundi aliondoka, na lini mgonjwa wa mwisho alitibiwa pale. Kazi hii hakuna programu itakayokufanyia, na ndiyo inayoitofautisha habari na karatasi.

Kisha mpelekee mhusika maswali kwa maandishi, yakitaja ukurasa na jedwali, na mpe muda wa haki wa kujibu. Mashine inaweza kukusaidia kuyapanga maswali yawe mafupi na yenye adabu. Andika kwa heshima, "Ndugu Mkurugenzi", "Mheshimiwa Diwani". Anayeulizwa kwa heshima na kwa namba ya ukurasa hana pa kujifichia.

Hatua ya 9: Andika mwenyewe

Mashine ikague tahajia, ikupendekezee kichwa, ikwambie wapi hujaeleweka. Sentensi zinazomtaja mtu au fedha ziandike wewe. Waeleze wasomaji kwa mstari mmoja kwamba ulitumia akili mnemba kutafuta kurasa na kwamba tarakimu zote umezihakiki kwenye waraka. Usitengeneze picha ya mashine kuonyesha tukio la kweli, hata kama huna picha. Zahanati ya kuchorwa ni uongo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuchapisha, kwa kujua na kwa nia ya kupotosha, taarifa za uongo, iwe uongo uliutunga wewe au programu. Kama unaendesha televisheni au ukurasa wa habari mtandaoni, kamilisha pia leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Vitu usivyoipa mashine kamwe

Jina au namba ya simu ya mtu aliyekupa siri. Waraka uliovuja ambao una saini, alama au mwandiko unaoweza kumtaja aliyeutoa. Orodha za wanavikundi wenye namba za vitambulisho. Majina ya wagonjwa. Ukiandika kitu kwenye programu hizi kinasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni nje ya nchi, na kwa akaunti za bure mazungumzo yako yanaweza kutumika kufunzia mashine usipozima kwenye mipangilio. Izime leo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini aliyekuamini halindwi na sheria peke yake. Mji wetu ni mdogo. Karani mmoja akitajwa, kesho yake soko zima linajua.

Mambo yakikwama

*Namba ya ukurasa iliyotajwa haina kitu.* Kurasa za mwanzo za ripoti huhesabiwa kwa namba za Kirumi, hivyo ukurasa wa 112 wa faili si ukurasa wa 112 uliochapwa chini ya karatasi. Jaribu kurasa 20 mbele na nyuma, au tafuta maneno ya sentensi yenyewe ndani ya PDF. Sentensi isipopatikana kabisa, mashine imeitunga. Itupe.

*Nikiuliza mara mbili napata majibu mawili.* Umeipa kurasa nyingi mno au swali pana mno. Fungua mazungumzo mapya, ipe kurasa 10, uliza jambo moja.

*Faili ni kubwa, inakataa.* Ligawe kwa sura. Simu nyingi zinaweza kuchapisha kurasa chache za PDF kama faili jipya.

*Inakataa kujibu kwa sababu ni siasa.* Acha kuiuliza maoni. Iulize maandishi yanasema nini, ukurasa gani.

*Nimeipa ripoti ya Kiingereza, tafsiri haieleweki.* Jihadhari hasa na majina ya hati. Jina la Kiingereza la hati inayoridhisha likitafsiriwa neno kwa neno hutoka "maoni yasiyo na sifa", na msomaji ataelewa kinyume kabisa. Tumia toleo la Kiswahili la CAG mwenyewe kama kamusi yako: masurufu, bakaa, hoja, viambatisho. Lisipokuwepo, mpigie yule mhasibu mstaafu.

*Nimetumiwa sauti ya kiongozi kwenye WhatsApp, inasikika ni yake.* Sauti hutengenezwa siku hizi kwa sampuli fupi tu. Usiiulize akili mnemba kama ni ya kweli, haijui. Uliza alisema wapi, siku gani, nani alikuwepo. Tafuta rekodi ndefu ya mkutano huo, mtafute mtu aliyekaa pale, mpigie msaidizi wake. Hadi hapo, usiisambaze hata kwa kuuliza "hii ni kweli?", maana kundini itasomwa kama habari.

*Umeme umekatika na kesho ni siku ya kipindi.* Ndiyo maana nilisema pakua mapema na uwe na daftari. Tarakimu tano muhimu na namba za kurasa zake ziwe kwenye karatasi.

*Siku 30 zimepita, sijajibiwa barua.* Rudi masjala na nakala yako yenye muhuri, uliza faili liko meza ya nani. Andika barua ya pili kwa mkuu wa taasisi ukiomba mapitio, ambatanisha ya kwanza, nayo igongwe muhuri. Wakati huohuo muombe diwani wako alete swali hilohilo kwenye baraza, kwa maneno yaleyale uliyoyaandika. Na kwenye kipindi sema tarehe uliyopeleka barua, tarehe siku 30 zilipotimia, na jina la waraka unaousubiri. Kila wiki, hadi ujibiwe.